"Miili Walikuja"

Aprili ya mwaka wangu wa pili wa ualimu nilisimama mbele ya kidato cha pili, wanafunzi sabini na kitu, chaki mkononi, nikauliza, "Nani Mnyarwanda hapa?"

Nia yangu ilikuwa njema, kama ilivyo nia ya walimu wengi wanaoharibu. Ilikuwa tarehe 7, siku ambayo jirani zetu wa Rwanda huanza Kwibuka, yaani kukumbuka, na mimi mwalimu wa Kiswahili nilikuwa nimeandaa kifungu cha ufahamu kuhusu mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994. Nilipokisoma kwa sauti nikaona kimekauka. Nikafikiri, akipatikana mmoja wa kutusimulia ya kwao, somo litapata damu. Neno hilo, damu, wala halikunishtua wakati ule.

Hakuna aliyejibu. Ila vichwa viligeuka. Mpaka leo nakumbuka ule mkwaruzo wa madawati, vichwa kama thelathini vikielekea upande mmoja, dawati la tatu karibu na dirisha. Msichana aliyekaa pale aliinua mkono nusu, kisha akaugeuza njiani ukawa mkono wa kujikuna kichwa. Dakika tano baadaye akaomba ruhusa ya kwenda chooni. Hakurudi. Begi lake lilikaa chini ya dawati hadi kengele ya mwisho, na ni mimi niliyeliokota. Ndani mlikuwa na madaftari, rula iliyovunjika, na nusu ya chapati iliyofungwa kwenye karatasi ya daftari.

Shule siitaji jina. Ipo pande za Masaka, Uganda, na haina kosa lolote katika haya; kosa lilikuwa langu.

Asubuhi yake, kabla ya paredi, alikuja bibi wa yule mtoto. Kitenge, kitambaa kichwani, mwavuli mkononi ingawa mawingu hayakuwepo. Nikamwamkia, "Shikamoo, Jjajja," nikamvutia kiti nje ya chumba cha walimu. Akaitikia marahaba, na alipoendelea kuongea nikashangaa: Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha wenzangu wengi kazini. Kumbe alikulia Nyamirambo, Kigali, mtaa wa Waislamu ambako lugha hii imezoeleka siku nyingi.

"Mwalimu," akasema, "yule mtoto alikuwa hajui."

Nikamuuliza, hajui nini.

"Chochote. Anajua sisi ni watu wa Masaka. Nilikuwa nangoja akue kidogo nimwambie mwenyewe. Jana amekuja ananiuliza kwa nini darasa zima lilimtazama."

Nilianza kuomba msamaha, maneno yakawa mengi mno, akanikatiza kwa mkono. Hakuja kugombana. Alikuja kuchukua begi. Nikamletea, akalifungua, akaitazama ile chapati, akalifunga. Akaondoka kwa miguu kuelekea stendi ya boda boda, mwavuli ukiwa bado umekunjwa.

Watoto wenzake walikuwa wamejua nini ambacho yeye hakukijua? Labda lafudhi ya bibi siku ya kikao cha wazazi, labda maneno ya jirani. Watoto huokota kila kitu. Mimi niliwapa tu nafasi ya kukitumia.

Nilichokuja kukisoma baadaye ndicho kilichonikosesha usingizi. Katika shule nyingi za Rwanda kabla ya 1994, walimu walikuwa na desturi ya kuwasimamisha watoto darasani kwa kabila: Wahutu simameni, Watutsi simameni. Wapo waliookoka wanaosimulia kwamba siku hiyo ndiyo waliyojua wao ni nani. Walirudi nyumbani kuuliza na mzazi akanyamaza. Swali langu halikuwa geni hata kidogo. Lilikuwa swali lilelile, limevuka mpaka, likaulizwa na mwanamke mwenye nia njema na chaki mkononi. Na mtu wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa kosa la kimbari, Jean-Paul Akayesu, aliyehukumiwa Arusha Septemba 1998, kabla ya kuwa kiongozi wa wilaya ya Taba alikuwa mwalimu, kisha mkaguzi wa shule. Huwa nalitaja hilo kwa walimu wapya, na huwa hawapendi kulisikia.

Kwa mtu asiyeijua Uganda, niongeze kwamba lile swali hata halina jibu moja. Banyarwanda wametajwa katika Katiba yetu ya 1995 miongoni mwa jamii za asili za nchi hii. Wapo wa Kisoro ambao mpaka wa wakoloni uliwapitia juu, wakaamka wako Uganda. Wapo ambao babu zao walikuja kulima pamba na kahawa ya Waganda. Wapo wa 1959 na miaka iliyofuata, waliokimbilia Nakivale na Oruchinga. Wapo wa 1994. Na wapo waliobadilisha majina baada ya 1982, pale serikali ya wakati ule na vijana wake walipowatimua watu wa asili ya Rwanda kutoka Mbarara na wilaya jirani, wakaachwa wamesongamana mpakani. Kwa hiyo mtoto aliyepewa jina la Kiganda na baba mwenye hofu anakaa darasani kwangu, na mimi nauliza nani Mnyarwanda. Ndiyo maana siku hizi nina sharti moja ambalo sina mjadala nalo: mtoto haulizwi kabila lake darasani. Akitaka kusema, atasema. Asipotaka, basi.

Halafu lipo suala la lugha yenyewe. Mimi ni mtoto wa Busia; Kiswahili kwetu ni lugha ya sokoni, ya msikitini, ya kugombeza watoto. Lakini katika sehemu nyingi za Uganda ya kati, mtu mzima akisikia Kiswahili husikia askari. Wakati wa Amin, na tena wakati wa utawala wa pili wa Obote, vizuizi vya barabarani viliongea Kiswahili. "Simama! Kuja hapa! Toa kitambulisho!" Mzazi mmoja kutoka Luweero, kulikopiganwa vita vya msituni wakati huo wa Obote, aliniambia anafurahi mwanawe kufaulu Kiswahili, ila asikiongee nyumbani. Kilifanywa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari, sawa. Lakini masikio ya wazee hayasubiri Baraza la Mawaziri. Nikifundisha habari za vizuizi vya Kigali kwa lugha ya vizuizi vya Luweero, inanibidi nijue ninachokishika.

Na Kiswahili chenyewe kina neno zuri kuliko tunavyodhani. Mauaji ya kimbari. Watoto hulikariri kama jina la ugonjwa. Siku moja niliacha kila kitu nikauliza: mbari ni nini? Kimya. Mvulana mmoja akajibu, mbali, kinyume cha karibu. Waganda na r na l, mnajua wenyewe. Tukafungua kamusi: mbari ni ukoo, watu wa nasaba moja. Waganda wanazijua koo kuliko mtu yeyote. Nikawaambia wafikirie ukoo wao, wa Ngabi au wa Mmamba, halafu mtu anasema: wote, mpaka kichanga, kwa sababu tu ni wa ukoo huo. Raphael Lemkin alipounda neno la kizungu mwaka 1944 aliunganisha Kiyunani na Kilatini; sisi tulichukua neno la nyumbani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1948 unasema ni nia ya kuliangamiza kundi la kitaifa, la kikabila, la rangi au la kidini, lote au sehemu yake. Kwa watoto wa miaka kumi na minne, "nia" ndilo neno gumu. Mauaji wanayajua, wameyaona kwenye simu. Nia ndiyo inayohitaji vipindi vitatu.

Hizo simu! Kabla hujafungua mdomo wameshaona mafuvu. Zamani mimi mwenyewe niliwaonyesha picha, nikidhani ukweli ni kukifunua kila kitu. Sifanyi tena. Sababu yangu si upole, mafuvu hayafundishi. Fuvu halina jirani, halina mwalimu, halina siku iliyotangulia. Mtoto hutazama, hushtuka, wa nyuma hucheka, na wote hutoka wakiamini kwamba jambo lile lilifanywa na mazimwi huko mbali. Mimi nataka waondoke wakijua lilifanywa na watu wenye zamu za kazi, wenye orodha, waliokwenda nyumbani kula jioni.

Kwa hiyo huanza na makaratasi. Wabelgiji, waliokuwa wakiitawala Rwanda, walitoa vitambulisho vya kabila miaka ya 1930, na kadi zile zikaendelea kutumika baada ya uhuru mpaka zikafika kwenye vizuizi vya Aprili 1994. Hapo kuna mwanafunzi huinua mkono kila mwaka: "Madamu, mbona na sisi fomu ya kitambulisho cha taifa inauliza kabila?" Inauliza, ndiyo. Kwenye kadi halionekani, ila kwenye fomu nafasi ipo. Sijibu haraka. Naacha wabishane, na hubishana vizuri kuliko wabunge.

Kisha redio. RTLM, kituo cha Rwanda kilichochochea mauaji, ilianza kutangaza Julai 1993, muziki mtamu, watangazaji wachangamfu, utani mwingi. Watoto hushangaa sana waambiwapo ilikuwa ikipendwa. Iliwaita Watutsi inyenzi, mende. Mwaka 2003 mahakama ya Arusha iliwatia hatiani watu watatu katika kesi ya vyombo vya habari. Somo hilo hulifanya hivi: juma moja kabla naweka boksi tupu la chaki kwenye kona ya darasa, kila mtu atumbukize, bila jina lake, neno la kejeli analosikia likitumika kwa watu wa kabila lingine au nchi nyingine. Maboksi hujaa. Sisomi hata karatasi moja kwa sauti. Nilisoma peke yangu mara ya kwanza, usiku, nikiwa na chai iliyopoa. Kuna jina tunalowaita watu wa kaskazini, hamtalipata hapa, lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko wa mvulana mpole kuliko wote darasani. Naujua mwandiko wake kama wangu. Darasani huwa nashika boksi tu, nalitikisa, wanasikia uzito. Halafu tunazungumza: neno hili likitangazwa kila asubuhi baada ya wimbo unaoupenda, linachukua muda gani kuwa jambo la kawaida?

Mwaka fulani msichana kutoka Lira, aliyelelewa na shangazi yake hapa kusini, alisimama akasema, "Madamu, na sisi je?" Alikuwa akimaanisha Barlonyo, kambi ya wakimbizi wa ndani ambako waasi wa LRA waliua mamia ya watu tarehe 21 Februari 2004. Nikajikuta kwenye mtego. Kumwambia kwamba kisheria yale hayaitwi kimbari ni kumwambia wafu wake ni wa daraja la pili. Kumwambia ni yaleyale ni uongo, na uongo wa aina hiyo ndio chakula cha wakanushaji wa kimbari: wote waliuana, vita ni vita. Umoja wa Mataifa ulilazimika mwaka 2018 kuitaja siku ya tarehe 7 Aprili kwa jina kamili, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kwa sababu ya maneno ya namna hiyo. Nilimjibu kwamba jina la kosa ni kazi ya mahakama, na kilio ni cha kila mtu, na kwamba Februari tutasoma Barlonyo. Tulisoma. Sina hakika alitosheka. Lakini aliacha kukaa nyuma.

Sasa Lambu.

Watoto wa Masaka hawana haja ya kupanda basi hadi Kigali ili wakumbuke. Mwaka 1994 wauaji walitupa watu kwenye mito ya Rwanda. Nyabarongo ikawapeleka Kagera, Kagera ikawaleta Ziwa Viktoria, kwetu, karibu na Kasensero. Mwaka mmoja na nusu hivi kabla, Novemba 1992, mwanasiasa Léon Mugesera alikuwa amehutubia mkutano akisema Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya Nyabarongo. Maji yalifanya kama yalivyoagizwa, ila yakaja Uganda. Wavuvi na wanavijiji wetu waliwatoa ziwani kwa mikono. Aliyeongoza sehemu kubwa ya kazi hiyo, Mahmood Noordin Thobani, ni mfanyabiashara Mganda mwenye asili ya Kihindi. Rwanda ilikuja kumtunuku nishani. Wamezikwa mahali patatu: Kasensero 2,875, Lambu 3,337, Ggolo kule Mpigi 4,771. Jumlisheni wenyewe. Na hao ni waliofika huku tu, katika mauaji yaliyochukua siku mia moja hivi na kuua zaidi ya watu 800,000 kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, zaidi ya milioni kwa hesabu ya Rwanda.

Mwaka juzi niliomba kuwapeleka kidato cha tatu Lambu. Barua kwa wazazi niliiandika mara nne. Iliyokubalika ilisema tunakwenda wapi, tutaona nini, hatutaona nini, na kwamba mtoto yeyote anaweza kubaki shuleni bila kueleza sababu, tena atakayebaki hatapewa kazi ya kufyeka. Hilo la kufyeka ni muhimu. Bila hilo, wote wangekuja. Saba walibaki. Wazazi wawili walinipigia simu kuuliza kama hii ni siasa, kwa kuwa watu hawajasahau mpaka wa Katuna ulivyofungwa 2019 ukakaa miaka mitatu hivi. Nikasema hapana, ni Kiswahili na historia. Mmoja akacheka, "Mwalimu, kwani historia si siasa?" Sikuwa na jibu, na salio langu lilikuwa linaisha.

Lambu ni mwalo wa wavuvi kando ya ziwa, si mahali pa kimya. Mukene, yaani dagaa, zimeanikwa juu ya neti, harufu inakutangulia kilomita nzima, karoli, wale korongo wakubwa, wamesimama na mikoba yao shingoni kama watoza ushuru. Makaburi yapo hapohapo kando ya maisha hayo. Niliwapanga watoto kivulini kwanza, maji ya kunywa, dakika kumi za kutofanya kitu. Nikawaambia, anayetaka kurudi kwenye basi anagusa bega langu tu, haombi ruhusa.

Alikuja mzee mmoja mvuvi, tuliyekubaliana naye awali. Nilikuwa nimemwomba kitu kimoja: asiwasimulie hali ya maiti, awasimulie waliyoyafanya wao wavuvi. Akakubali, na akalitimiza vizuri kuliko ningeweza mimi. Alisema habari za karatasi za nailoni, za uhaba wa glavu, za mkewe aliyekuwa akimwachia maji ya moto nje kwa kuwa hakutaka aingie ndani na nguo zile. Alisema samaki hawakununuliwa. Sangara waliozea kwenye mitumbwi, watu wakala mihogo kwa chumvi.

Katikati ya maneno yake mvulana mmoja akacheka. Kicheko cha ghafla, kikubwa, kisicho na mpaka. Damu ikanipanda, nilikwishapiga hatua mbili kumfuata, na sitawadanganya mkono ulikuwa unakwenda wapi. Mzee akanishika kwa jicho. "Muache, Mwalimu," akasema. "Sisi tulikunywa waragi. Yeye anacheka."

Yule mvulana akaja akanigusa bega, akaenda kwenye basi.

Kisha msichana mdogo wa umbo, wa mbele kabisa, akauliza majina yao yameandikwa wapi. Mzee akatazama saruji kama vile naye analitafuta jibu hapo. Akasema hawakumjua hata mmoja. Kuna chumba katika makumbusho ya Gisozi, Kigali, ambako zimetundikwa picha za watoto waliouawa, na chini yake yameandikwa mambo madogo: chakula alichokipenda, mchezo alioupenda, rafiki yake. Nilikuwa nimepanga kuwaeleza habari za chumba hicho palepale makaburini. Nikaghairi. Nilisoma rejista. Yao wenyewe, ya darasa, niliyokuja nayo ili nisimwache mtoto Lambu. Kila aliyeitwa aliitikia. Majina saba ya waliobaki shuleni yalipofika, hakuna aliyeitikia, na upepo wa ziwani ukajaza nafasi. Sikuwa nimekusudia hivyo. Nilikuwa nahesabu watoto tu.

Basi lilirudi kimya mpaka barabara kuu, wakaanza kuomba wimbo, nikamwambia dereva awashe redio. Wenzangu wawili walinilaumu kwa hilo. Mimi naona mtoto wa miaka kumi na mitano aliyesimama saa nzima juu ya watu 3,337 ana haki ya kupigiwa wimbo.

Kazi niliyowapa ilikuwa insha fupi: muulize mtu mzima mmoja kuhusu mwaka 1994, kama atakubali, asipokubali, andika alivyokataa. Zilikuja insha nyingi za kukataa, na ndizo zilizokuwa bora. Jjajja amesema nikachote maji. Baba amesema ana usingizi. Mama amesema tutaongea Krismasi.

Ya yule mvulana aliyecheka ilikuwa ya nusu ukurasa. Bibi yake mzaa mama anaishi kijiji cha ufukweni upande wa Kyotera, na tangu ajijue hajawahi kumwona akila samaki. Nyumbani walidhani ni mzio. Alimuuliza wakimenya mihogo. Bibi akasema asiulize mpaka mihogo iive. Mihogo ikaiva, wakala, akauliza tena. Bibi akamwambia. Insha haikueleza mengi aliyoambiwa, ila ilikuwa na sentensi hii: "Miili walikuja asubuhi wakati Jjajja anateka maji."

Nilizungushia kalamu nyekundu. Miili ilikuja, ngeli ya u-i. Nikamkata alama moja, kumi na sita kwa ishirini, nikaendelea na daftari lililofuata. Zilikuwa sitini na kitu, na umeme ulikuwa unakatika.

Kesho yake alinifuata varandani na daftari limefunguliwa. Alikuwa ameweka kidole juu ya ile duara nyekundu.

"Madamu, hapa kosa ni nini?"

Nikamweleza. Mwili, miili, mti, miti. Mti umeanguka, miti imeanguka. Miili ilikuja.

Akafikiri. Ni mvulana wa hesabu, hupenda kuona hatua zote.

"Lakini Madamu, walikuwa watu."

Kengele ya kipindi cha tatu ikalia, darasa la jirani likaanza kutoka, wakatupita huku na huku. Nikalichukua daftari, nikaliegemeza kwenye nguzo ya varanda, nikaifuta ile alama, nikaandika kumi na saba.